Kuchagua kadi ya diski kwa seva ya nyumbani: niliyojifunza baada ya diski nne kupotea kwa mpigo

Seva yangu ya nyumbani ina diski nane za TB 8 zilizounganishwa kwa RAID 6 ya programu (RAID ni njia ya kuunganisha diski nyingi ziwe hifadhi moja), yaani hesabu zote zinafanywa na mdadm, programu iliyo ndani ya Linux, si na kifaa. Ubao mama wake una poti nne tu za SATA, yaani viunganishi vya diski. Diski nne zilizosalia zilihitaji kadi ya kuchomeka kwenye sloti ya PCIe, na kuipata kadi inayofaa kulinila muda, pesa na usingizi kuliko kitu kingine chochote kilichomo kwenye kasha lile. Namwandikia yeyote anayetaka kujenga seva ya namna hii, hasa ambaye bado hajatoa pesa mfukoni.

Kadi niliyoanza nayo ilikuwa ndogo, ya bei nafuu, yenye poti nyingi za SATA zilizojipanga ukingoni, na ilikaa kwenye sloti fupi ya x1, yaani yenye njia moja tu ya data. Ilifanya kazi kwa miezi mingi bila neno. Picha za familia, video, nyaraka, nakala rudufu za simu na kompyuta zote za nyumbani zilihifadhiwa humo.

Kisha diski moja ikaanza kuugua. RAID 6 imeundwa kwa ajili ya siku kama hiyo: hata diski mbili zikifa, data inabaki salama. Lakini hazikupotea moja wala mbili. Zilipotea nne, zote kwa mpigo, na mdadm ikaisimamisha safu nzima, yaani zile diski nane kwa pamoja, kwani kwa diski nne zilizobaki hakuna hesabu inayoweza kuirudisha data. Mapigo ya moyo yalinienda mbio. Mke wangu aliuliza mbona picha hazifunguki, nami sikuwa na la kumjibu.

Sababu ilikuwa imeandikwa wazi kwenye matokeo ya dmesg, amri inayoonyesha ujumbe wa Linux kuhusu vifaa. Diski zote nne za kadi ile zilitajwa kama ata7.00, ata7.01, ata7.02 na ata7.03, na pembeni yake kulikuwa na mstari wa ata7.15 uliotaja kigawanyaji cha poti. Namba iliyo kabla ya nukta ni poti halisi. Iliyo baada ya nukta ni tawi la poti hiyo. Kumbe diski nne hazikuwa na poti nne. Zilikuwa zinagawana poti moja, na chipu ya pili ndiyo iliyokuwa ikiigawa. Diski mbovu ilipokwama ikijaribu kusoma sekta iliyoharibika, Linux ilisubiri, muda ukaisha, ikaamua kuianzisha njia ile upya. Na kwa kuwa njia ilikuwa moja, diski tatu nzima zilikatwa pamoja na ile mbovu.

Kabla sijaendelea na habari za kadi, niseme kidogo kuhusu kuirudisha safu, maana huenda anayesoma haya yumo kwenye hali hiyo sasa hivi. Usikimbilie `mdadm --create`. Amri hiyo huandika taarifa mpya za safu juu ya zile za zamani, na ukikosea mpangilio wa diski umejiongezea msiba. Anza na `mdadm --examine` kwa kila diski, uangalie namba ya Events, inayopanda kadiri safu inavyobadilika. Kwangu, diski za ubao mama zilikuwa na namba moja, na zile za kadi zilikuwa nyuma kidogo tu. Tofauti ikiwa ndogo hivyo, maana yake diski zilikosa maandishi machache ya mwisho, na `mdadm --assemble --force` huweza kuziunganisha tena. Diski mbovu niliiacha nje kabisa. Safu ikaamka na diski saba. Nikaifungua kwa kusoma tu, na kitu cha kwanza nilichofanya ni kunakili kwenye diski ya nje vile visivyopatikana tena duniani, yaani picha na nyaraka. Ukaguzi wa mfumo wa faili ulikuja baadaye. Faili chache zilizokuwa zikiandikwa wakati ule ule ziliharibika. Nyingine zote zilikuwa salama, na nilimshukuru Mungu.

Tangu hapo sikuanza tena na idadi ya poti wala bei. Kila kadi niliyoitazama niliiuliza jambo moja: diski moja ikiugua, wewe utafanya nini kwa zilizobaki, na je, utaniambia ukweli wote kuhusu ile inayougua?

Rafiki yangu anayehudumia seva za ofisi aliniazima kadi ya RAID ya kifaa, ile yenye kashe yake (kumbukumbu ya muda) na betri. Kwa kazi iliyoundiwa ni chombo madhubuti. Tatizo ni kwamba RAID ya programu inataka kuiona diski yenyewe, na kadi ya aina hii inakaa katikati na kuificha. Ile niliyoazimwa haikuwa na namna ya kupitisha diski moja kwa moja, hivyo ilibidi kila diski itengenezewe RAID 0, safu isiyo na ulinzi, ya peke yake. Linux ikaziona, lakini kwa jina la kadi, bila namba ya diski iliyochapishwa kwenye lebo. Amri ya kawaida ya smartctl, inayosoma afya ya diski, haikuleta chochote cha maana. Kwa kadi kama hizi lazima uielekeze ipite nyuma ya kadi, kwa mfano kwa kuongeza `-d megaraid,0` kwa zile za familia ya MegaRAID. Nilipochomoa diski moja na kuweka nyingine, Linux haikuiona mpaka nilipoingia kwenye menyu ya kadi na kuitengenezea RAID 0 mpya. Halafu kuna kashe: mdadm inaamini data imeshaandikwa kumbe bado iko kwenye kumbukumbu ya kadi. Betri ikizeeka na umeme ukakatika, mdadm haina habari. Mwisho, baadhi ya kadi hizo huweka taarifa zake kwenye diski, kiasi kwamba kuihamishia diski kwenye kadi ya aina nyingine ni kubahatisha. Nilimrudishia rafiki yangu kadi yake na shukrani nyingi.

Kumbe RAID ya programu inahitaji kadi isiyofanya RAID kabisa. Wenye fani huiita HBA. Inachukua amri kutoka kwenye mfumo, inaipeleka kwa diski kama ilivyo, na kurudisha jibu kama lilivyo, hata liwe baya kiasi gani. Ukitafuta utakutana na makundi mawili.

Kundi la kwanza ni kadi za SATA zinazotumia AHCI, mfumo ule ule wa poti za ubao mama. Hizi hazihitaji draiva ya pekee, zinatumia umeme kidogo, na kwa anayeongeza diski mbili hadi sita zinatosha kabisa. La kuzingatia ni chipu, si jina lililo kwenye boksi. ASM1064 ina poti nne na inatumia PCIe 3.0 x1. JMB585 ina poti tano na ASM1166 ina sita, zote mbili kwa PCIe 3.0 x2. Hizo ndizo poti halisi za chipu hizo. Kwa hiyo ukiona kadi yenye chipu ya poti nne lakini ubaoni kuna poti kumi, zilizozidi zinatoka kwenye kigawanyaji, na hapo ndipo mambo yangu yalipoharibikia. Muuzaji akishindwa kukutajia chipu, achana naye. Laiti ningehitaji poti nne tu za ziada wakati ule na sloti yangu ingekuwa ya kizazi cha 3.0, ningeishia kwenye kundi hili.

Lakini nilitaka diski zote nane zikae mahali pamoja, na sababu yake nitaieleza. Hilo lilinipeleka kwenye kundi la pili, kadi za SAS, mfumo wa kuunganisha diski unaotumika kwenye seva. Kadi ya SAS inapokea diski za SATA bila shida; kinyume chake hakiwezekani, diski ya SAS haifanyi kazi kwenye poti ya SATA. Chipu iliyoenea kuliko zote kwenye seva za nyumbani ni SAS2008 ya LSI: poti nane, Gb 6 kwa sekunde kila moja, PCIe 2.0 x8. Utaikuta kwa majina tofauti. LSI yenyewe iliiuza kama 9211-8i, IBM kama ServeRAID M1015, Dell kama PERC H200. Kampuni ya LSI ilinunuliwa na Avago mwaka 2014, na mwaka 2016 Avago ikajiita Broadcom baada ya kuinunua kampuni hiyo, ndiyo maana maelezo ya kadi ile ile utayapata chini ya majina matatu. Kwenye Linux draiva yake sasa ni mpt3sas, imo tayari ndani ya mfumo, huna cha kusakinisha.

Zipo mpya zaidi. SAS2308, inayopatikana kwenye 9207-8i, inatumia PCIe 3.0. SAS3008, ya 9300-8i, inafika Gb 12 kwa sekunde na viunganishi vyake vimebadilika kuwa SFF-8643, hivyo kebo za zamani haziingii. Kwa diski za kuzunguka kasi hiyo haina faida, kwani diski ya kuzunguka ya leo inasoma kama MB 200 hadi 250 kwa sekunde ikiwa kwenye sehemu yake ya kasi zaidi, na Gb 6 (kama MB 600) ni zaidi ya maradufu ya hizo. Zilizo za zamani zaidi, zenye chipu ya SAS1068E, usizichukue hata ukipewa bure: zinaishia TB 2.2 kwa diski, na diski ya TB 8 itaonekana kama ndogo.

Kasi inabana kwenye sloti. Njia moja ya PCIe 1.0 inabeba MB 250 kwa sekunde, ya 2.0 MB 500, ya 3.0 karibu MB 985, na kwa matumizi halisi unapata pungufu ya hapo. Kadi yangu ya kwanza ilikuwa PCIe 2.0 x1, na diski nne ziligawana kama MB 400, yaani MB 100 kila moja. Kwa matumizi ya kila siku hutaliona hilo, kwa sababu mtandao wa Gb 1 nyumbani haupitishi zaidi ya MB 110 hivi kwa sekunde. Utaliona siku ya kujenga upya diski, kwani hapo diski zote husomwa kwa wakati mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Diski ya TB 8 kwa MB 100 kwa sekunde ni saa 22. Kwa wastani wa MB 180 ni kama saa 12. Tofauti ya saa 10 si anasa, kwani wakati wote huo safu yako iko pungufu na diski zilizobaki zinasukumwa kuliko siku nyingine yoyote.

Angalia pia sloti zako kwa macho mawili. Sloti ndefu ya pili kwenye ubao wangu ina umbo la x16 lakini nyaya zake ni za x4 tu. Kadi ya x8 inaingia na kufanya kazi kwa nusu ya njia zake. Thibitisha kwa `lspci -vv` uangalie mstari wa LnkSta: pale pameandikwa kasi na upana uliopatikana kweli, na LnkCap inakuambia kadi inaweza nini. PCIe 2.0 kwa x4 ni MB 2000 kwa sekunde kwa hesabu za karatasi, na kwa diski nane za kuzunguka nimeona inatosha.

Nilinunua kadi ya SAS2008 ya mtumba, iliyotolewa kwenye seva ya ofisi. Sokoni kuna kadi bandia zilizochapishwa lebo za kampuni kubwa, kwa hiyo mimi huamini zaidi kadi iliyochomolewa kwenye seva, yenye vumbi na mikwaruzo na lebo ya mtengenezaji wa seva hiyo, kuliko inayoitwa mpya ilhali ni ya muundo wa miaka mingi. Ipime mara tu inapofika, muda wa kuirudisha ukiwa bado haujaisha.

Kadi ilikuja na famwea (programu ya ndani ya kadi) ya IR, inayotengeneza RAID yake yenyewe. Kwa RAID ya programu unataka ya IT, inayopitisha diski kama zilivyo, na chipu ni ile ile, ni suala la kuiflashi tu, yaani kuiandikia famwea nyingine. Hapa ndipo wengi hutishika, nami nilitishika, lakini ukienda kwa utaratibu hakuna uchawi. Chomoa diski zote kwanza. Geuza kadi uisome lebo yenye anwani ya SAS, tarakimu na herufi 16, uiandike kwenye karatasi na uipige picha. Anza na `sas2flash -listall` kuona kadi inatambulika na ina toleo gani. Kwenye ubao mama wangu zana ya DOS ilikataa kabisa kuisoma kadi. Ya UEFI shell, mazingira ya amri yanayofunguka kabla ya mfumo kuanza, ikafanya kazi mara moja. Famwea ya zamani ikishafutwa, usizime wala kuwasha upya mashine kabla ya kuweka mpya, maana kadi iliyo tupu huenda isiamke tena. Halafu rudisha anwani uliyoiandika. Kwa chipu hii tafuta toleo la 20.00.07.00, matoleo ya mwanzo kabisa ya mfululizo wa P20 yalikuwa na matatizo yanayojulikana. Sehemu ya kuwashia, ile inayoonyesha menyu ya kadi mashine inapoamka, sikuiweka, kwa sababu mfumo wangu unaanza kutoka kwenye SSD ya ubao mama, na bila menyu hiyo seva inaamka haraka zaidi. Baadhi ya kadi, M1015 ikiwamo, zina hatua za ziada kabla ya kukubali famwea ya LSI. Soma maelekezo ya kadi yako hasa, si ya inayofanana nayo.

Kuna kisa kingine kinachowapata wenye kadi za seva kwenye ubao mama wa kawaida: unachomeka kadi, mashine inakataa kuwaka au RAM inaonekana pungufu. Si lazima kadi iwe imekufa. Mara nyingi ni pini za B5 na B6, zinazobeba mawasiliano ya SMBus, zinazogongana na ubao. Ukizifunika pini hizo mbili kwa kipande chembamba cha utepe usiopitisha umeme, kadi inafanya kazi kama kawaida. Usifunike za jirani.

Joto ni suala lililopuuzwa na maelezo yote niliyoyasoma kabla ya kununua, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Kadi hizi ziliundwa kukaa kwenye seva za ofisi, ambako feni zinavuma kama upepo wa kusi bila kupumzika. Kasha la nyumbani ni kimya na hewa yake inapita taratibu, tena mara nyingi haifiki chini kwenye sloti. Wakati wa kujenga upya diski ya kwanza, kipoza joto cha kadi kilikuwa cha moto kiasi cha kutoweza kukigusa kwa kidole zaidi ya sekunde moja. Dalili ya kadi iliyozidiwa ni mistari ya fault_state kwenye dmesg, na diski zote kutoweka kisha kurudi. Yangu haikufika huko, ila sikutaka kusubiri. Nilikiondoa kipoza joto, kilichoshikiliwa na pini za plastiki zenye springi, nikakuta mafuta ya kupitishia joto yamekauka na kuwa unga wa kijivu, yanapukutika kwa kucha. Nikasafisha kwa spiriti, nikapaka mapya kiasi cha punje ya mchele, nikafunga feni ya milimita 40 juu yake. Sasa hata kazi ikiwa nzito, kidole kinakaa pale bila shida. Ningekuwa nanunua leo, feni hiyo ningeiagiza siku moja na kadi.

Kebo nazo zina mtego. Kadi ya SAS2008 ina viunganishi viwili vya SFF-8087, na kila kimoja kinatoa matawi manne ya SATA. Ila kebo hizo ni za aina mbili: zinazotoka kwenye kadi kwenda kwa diski, na zinazotoka kwenye poti za SATA za ubao mama kwenda kwenye kizimba cha diski chenye kiunganishi cha SFF-8087. Kwa macho hazina tofauti, na ukichomeka isiyo yake, diski hazionekani na utailaumu kadi bure. Mwambie muuzaji waziwazi kwamba kadi ndiyo chanzo na diski ndizo mwisho. Kebo mbili nzuri zilikaribia nusu ya bei ya kadi yangu ya mtumba, na sijutii, kwa kuwa kebo mbovu huleta makosa yanayofanana na diski mbovu. Ukitaka kuzitofautisha, tazama sifa ya 199 kwenye smartctl, inayohesabu makosa ya CRC, yaani data iliyoharibika njiani. Ikipanda huku sekta zilizohamishwa zikibaki sifuri, badilisha kebo kabla ya kununua diski. Na kila kebo niliibandika namba ya diski, tarakimu nne za mwisho, karibu kabisa na kichwa chake. Siku ya kuchomoa diski mbovu hutaki kukisia.

Kadi na kebo zilipofika, nilihamisha diski saba nzima kwenye kadi mpya bila kujali ipi inakaa poti gani. Seva ilipoamka mdadm ilizitambua zote kwa UUID, utambulisho wa safu ulioandikwa ndani yake, na safu ikajiunganisha yenyewe. Uhuru huu wa kubadili kadi, ubao, hata mashine nzima, ndio unaonifanya niipende RAID ya programu.

Na kwa nini zote nane mahali pamoja, badala ya nne kwenye ubao na nne kwenye kadi? Wapo wanaoona kugawanya ni salama zaidi. Kwa diski za nakala pacha nakubaliana nao: weka kila pacha kwenye kidhibiti chake, kimoja kikifa nyingine inaendelea. Kwa RAID 6 ya diski nane kugawanya nne kwa nne hakuokoi kitu, kwa sababu kupoteza nne kunasimamisha safu vile vile, na zaidi unabaki na nusu mbili zenye namba tofauti za Events. Kadi moja yenye zote ikifa, diski zote zinakatika pamoja, na unapochomeka kadi nyingine zinarudi zikiwa karibu sawasawa.

Jambo moja halihusu kadi moja kwa moja lakini kadi nzuri isiyo nalo haitoshi. Diski nyingi za kompyuta za kawaida zikikutana na sekta mbovu zinaweza kuhangaika nayo kwa dakika nzima au zaidi, wakati Linux kwa kawaida inasubiri amri kwa sekunde 30 tu kabla ya kuanza kuiwasha diski upya. Uliza diski kwa `smartctl -l scterc`. Kama inakubali, iwekee 70,70, yaani sekunde 7 kwa kusoma na 7 kwa kuandika, kisha mdadm itaijaza sekta ile kutoka kwenye pariti, hesabu za ziada zilizo kwenye diski nyingine, na kazi itaendelea. Kama haikubali, ongeza subira ya Linux hadi sekunde 180 kwenye faili ya timeout ya diski hiyo chini ya /sys/block. Diski nyingi husahau mpangilio huu zikizimwa, kwa hiyo uweke kwenye hati inayojiendesha kila seva inapowaka.

Baada ya yote hayo sikuiamini kadi mpaka nilipoifanyia mtihani. Nilisubiri ujenzi wa diski mpya uishe na safu iwe kamili, nakala rudufu zikiwa pembeni. Nikaanzisha unakili wa faili kubwa, kisha nikachomoa kebo ya data ya diski moja. Kwenye dmesg ikaonekana diski moja ikiondoka, kwa jina na namba yake. mdadm ikaiweka alama ya kufa. Unakili ukasita sekunde chache, ukaendelea. Zile saba nyingine hazikuandika hata mstari mmoja wa malalamiko. Nilisimama pale nikitazama skrini muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nilipoirudisha diski, ramani ya maandishi ya mdadm, inayokumbuka palipoandikwa, iliwezesha sehemu zilizobadilika tu kuandikwa upya, na ikamalizika haraka. Fanya mtihani huu kwa kadi yoyote kabla hujaikabidhi kitu unachokipenda.

Gharama isiyosemwa ni umeme. Kadi ya aina hii inakula wati kadhaa muda wote, na inaweza kuizuia prosesa isilale usingizi mzito. Wati 10 usiku na mchana ni karibu kWh 88 kwa mwaka. Mwenye diski nne au tano anayejali bili yake na afuate zile kadi za AHCI nilizozitaja.

Kwa pesa iliyobaki nilinunua kadi ya pili ya SAS2008, nikaiflashi toleo lile lile, nikaipima na diski tupu, nikaifunga kwenye mfuko wa kuzuia umeme tuli. Iko ndani ya kasha lenyewe, imefungwa pembeni mwa kizimba cha diski, na karatasi yenye anwani yake ya SAS imo humo humo.